Mamlaka ya Rais na Shauri la Wazee

Jioni moja hapa Nkuhungu, tulipokuwa tumeketi barazani baada ya kazi, kijana mmoja aliniuliza swali mbele ya watu wazima. Alisema, "Mwalimu, je, liko jambo ambalo Rais hawezi kulifanya?" Kabla sijafungua kinywa, watu wawili walikwisha kumjibu. Wa kwanza alisema, "Hakuna. Rais ndiye mwenye nchi." Wa pili akasema, "Yako mengi, maana naye ni mtumishi wetu." Watu wakacheka, na mazungumzo yakageukia bei ya mtama. Lakini mimi nililala na swali lile, nikaamka nalo, kwa kuwa niliona ya kuwa wote wawili walisema neno la kweli, wala hakuna aliyesema kweli yote.

Sisi wa Dodoma hatuna udhuru wa kutojua jambo hili. Mwaka 1973 chama cha TANU kilikata shauri ya kuwa makao makuu ya nchi yahamie huku, na mwaka 2018 Bunge likalithibitisha neno hilo kwa sheria. Bunge lenyewe li karibu nasi, na Ikulu ya Chamwino si safari ndefu. Akaaye kando ya kisima haifai afe kwa kiu. Basi, wasomaji wapendwa, na tuitazame Katiba pamoja, kisha tulitazame neno lililo ndani yake ambalo sheria peke yake haiwezi kulimaliza.

Katiba yetu ni ile ya mwaka 1977, ambayo imerekebishwa mara nyingi. Kwa Katiba hiyo Rais ni Mkuu wa Nchi, tena ni Kiongozi wa Serikali, tena ni Amiri Jeshi Mkuu. Kazi hizi, ambazo katika nchi nyingine hugawiwa watu wawili au zaidi, kwetu zimewekwa juu ya kichwa kimoja. Yeye huwateua Waziri Mkuu na mawaziri, wakuu wa mikoa, Jaji Mkuu na majaji, tena na wabunge wasiozidi 10. Yeye aweza kumsamehe mtu aliyekwisha hukumiwa. Muswada uliopitishwa na Bunge hauwi sheria mpaka yeye aukubali. Huo ni mzigo mzito, na aubebaye yafaa aombewe kuliko kuonewa wivu.

Lakini liko neno moja ambalo nataka tulitazame kuliko hayo yote. Limo katika ibara ya 37. Maana yake ni hii: Rais katika kutenda kazi yake atakuwa huru, wala hatalazimika kufuata shauri la mtu ye yote, isipokuwa pale Katiba yenyewe au sheria nyingine inapomwagiza alifuate. Mawaziri watamshauri, wataalamu watamshauri, wazee watamshauri. Naye akiisha kuwasikia, aweza kufanya lililo kinyume cha maneno yao yote, na bado hajavunja sheria.

Neno hilo halikuanza mwaka 1977. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, heshima na nguvu vilikuwa mahali pawili. Malkia wa Uingereza alikuwa mkuu wa nchi, na mjumbe wake hapa alikuwa na heshima, lakini kwa desturi alifuata mashauri ya mawaziri. Nguvu ilikuwa kwa Waziri Mkuu pamoja na baraza lake. Mwaka uliofuata, tarehe 9 Desemba 1962, nchi ikawa Jamhuri, na viti viwili vikafanywa kiti kimoja. Serikali ilieleza sababu zake katika waraka wa mwaka huo. Ilisema, kwa maana si kwa maneno yenyewe, ya kuwa watu wetu hawajazoea kuitenga heshima na nguvu. Apewaye heshima ya mtemi au ya mfalme, huyo ndiye watu wamtazamiaye kuwa na amri. Kwa hiyo Rais na awe na vyote viwili. Ndipo neno lile la kutolazimika kufuata shauri lilipoandikwa kwa mara ya kwanza.

Sababu hiyo si ya kudharauliwa. Nchi ilikuwa changa, watu waliosoma walikuwa wachache, na hofu ya kugawanyika ilikuwa kubwa. Hata hivyo, mtu wa Ugogo akiisikia yampasa kuinua mkono na kusema, "Ngojeni kidogo. Kwetu haikuwa hivyo."

Maana mtemi wa Kigogo wa zamani alikuwa na heshima kuu. Yeye ndiye aliyetunza mawe ya mvua, na kwa ajili yake watu waliamini ya kuwa nchi ingepata mvua na rutuba. Katika nchi kavu kama hii, ambamo mwaka mmoja wa kukosa mvua hufuatwa na mwaka wa kuzika watu, je, iko heshima kubwa kuliko hiyo? Lakini mtemi huyo hakuwa na askari wa kuwatiisha watu wote, wala hakukata kila kesi peke yake. Jirani akigombana na jirani kwa ajili ya ng'ombe au mahari, wazee wa mahali pale walikaa, wakasikiliza, wakanena mpaka neno likaiva. Heshima ilikuwa kwa mmoja, shauri lilikuwa kwa wengi. Wala watu hawakuona vigumu kuyatenga mambo hayo mawili.

Tena palikuwa na mpaka mwingine, ambao haukuandikwa po pote. Mgogo aliyeonewa alifungua zizi lake alfajiri, akaswaga ng'ombe wake, akahamia kwa mtemi mwingine. Mtemi aliyewachosha watu alibaki na mawe yake ya mvua na mashamba yasiyo na mlimaji. Kwa hiyo miguu ya watu ilikuwa ndiyo katiba yao.

Mambo yalibadilika zilipokuja serikali za wageni. Wajerumani walitaka watu wa kutimiza amri zao. Na Waingereza, kwa sheria ya mwaka 1926, waliwafanya watemi kuwa wakuu wa serikali za wenyeji, wenye mahakama na wenye kukusanya kodi. Tangu hapo mtemi aliweza kuwa na nguvu kuliko baba zake, lakini nguvu hiyo aliipata kwa Bwana Shauri wa wilaya, naye alijibu kwake kuliko kwa watu. Mwaka 1963, baada ya uhuru, sheria iliwaondolea watemi madaraka ya utawala. Basi tusidanganyike tukidhani ya kuwa utawala wa mtu mmoja asiyeulizwa ndio mila yetu. Sehemu kubwa yake tuliikuta katika kofia ya mkoloni.

Na leo, je, mtu aliyechoshwa na mtawala aweza kufungua zizi na kuhama? Ataiacha nyumba yake, shamba lake la zabibu, kaburi la mama yake, avuke mpaka na kuwa mkimbizi? Hilo si jambo la kutamani. Kwa kuwa miguu haiwezi tena kuwa mpaka wa mtawala, hapana budi mpaka huo uandikwe. Hiyo ndiyo sababu ya kuwa na Katiba, wala si kwa ajili ya kumdharau Rais. Uzio wa miiba unaozunguka zizi si tusi kwa fahali. Humlinda yeye, tena huyalinda mashamba ya jirani.

Hapa naomba ruhusa niseme habari yangu mwenyewe, ingawa si ya kujisifu. Miaka mingi iliyopita nalikuwa mwalimu mkuu katika shule moja ambayo sitaitaja. Wazazi walikuwa wamekubali kuchanga mahindi na mtama ili watoto wapate uji saa nne, nasi tukataka kujenga ghala. Kamati iliniachia mimi nichague mahali. Nikachagua uwanda mzuri ulio karibu na barabara, ili magari yafike kwa urahisi. Mzee mmoja, asiyejua kusoma, akaja akaniamkia, akatazama vijiti nilivyopigilia, akasema, "Mwanangu mwalimu, hapa ni njia ya maji. Maji huweza kukaa miaka saba bila kuja, lakini njia yake hayaisahau." Nikamshukuru kwa adabu. Kisha nikajenga palepale.

Miaka mitatu ghala ilisimama, nami kila nilipopita nalimkumbuka yule mzee na kutabasamu. Mwaka wa nne mvua ikanyesha usiku kucha, na asubuhi maji yalikuwa yamefika madirishani. Magunia yote yaliloa, na baada ya siku chache nafaka ikaanza kunuka. Mwaka ule ulikuwa wa njaa. Yule mzee alikuja na mjukuu wake kunisaidia kutoa matope, wala hakunikumbusha neno lake hata moja. Jambo hilo liliniumiza kuliko kama angalinitukana.

Hakuna aliyenishtaki, na kwa haki, maana sikuvunja kanuni yo yote. Nalikuwa na amri ya kuchagua mahali, wala hapakuwa na sheria iliyoniagiza nimfuate mzee. Nalikuwa na haki, tena nalikosea. Mambo hayo mawili yaweza kukaa ndani ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Tena walioshinda njaa si mimi, ila watoto wa wenzangu. Tangu siku ile nikisoma ibara ya 37 sisomi habari za mtu mkubwa wa mbali. Najisoma mimi.

Basi swali letu la maadili ni hili: asiyelazimishwa kufuata shauri, je, amefunguliwa pia wajibu wa kulisikia? Mimi nasema, hapana. Sheria ikimwambia mtu, "Hulazimiki," haijamwambia, "Huna haja." Uhuru wa kukata neno ulitolewa ili neno likatike, maana penye mashauri mia lazima mmoja aseme, "Na iwe hivi." Lakini anayekata neno bila kusikia hatumii uhuru, anatumia giza. Wapenzi wa Biblia wanamkumbuka Rehoboamu, mwana wa Sulemani. Watu walimwomba apunguze nira ya baba yake. Wazee wakamshauri aseme nao kwa upole. Vijana waliokua pamoja naye wakamshauri aongeze ukali. Alikuwa na haki ya kuchagua, akachagua shauri lililopendeza masikio yake, na kabila kumi zikamwacha. Tuangalie vema: Rehoboamu aliomba shauri, wala hakukosa washauri. Kosa lake ni kuyachukua mashauri kama mtu achaguaye nguo, akitazama ipi inamkaa vizuri.

Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Neno hilo ni kweli, nasi hulifundisha watoto. Lakini hatujazoea kuugeuza upande wake wa pili: mkuu asiyesikia la mdogo, guu livunjikalo si lake peke yake.

Sasa, kwa kuwa hatuwezi kumfanyia mtu moyo wa kusikia kwa sheria, Katiba imefanya liwezekanalo: imeweka uzio mahali mbalimbali, ili hata asiyesikia asiweze kufika mbali mno. Nitautaja uzio huo kwa ufupi.

Uzio wa kwanza ni wakati. Tangu marekebisho ya mwaka 1984, mtu hawezi kuchaguliwa kuwa Rais zaidi ya mara mbili, na kila mara ni miaka mitano. Mwalimu Nyerere aliondoka mwaka 1985. Mzee Mwinyi mwaka 1995, Mzee Mkapa mwaka 2005, na Mzee Kikwete mwaka 2015, kila mmoja wa hao watatu baada ya miaka kumi. Tumezoea jambo hilo hata tunaliona kuwa dogo, lakini si dogo.

Uzio wa pili ni Bunge. Rais akimteua Waziri Mkuu, sharti Bunge limthibitishe kwa kura. Akitangaza hali ya hatari, tangazo hupelekwa Bungeni, na wabunge wasiopungua theluthi mbili ndio watakaoliunga mkono. Akiukataa muswada, huurudisha pamoja na sababu zake. Na Bunge likiupitisha tena kwa theluthi mbili, basi ndani ya siku 21 sharti akubali au alivunje Bunge. Lakini akilivunja, kiti chake nacho huwa wazi, naye hurudi kwa wananchi pamoja na wale aliowavunja. Hapo waliotunga walikuwa na hekima: atakaye kuichoma nyumba, na awe ndani yake.

Uzio wa tatu ni kuondolewa. Tangu mwaka 1992 Katiba yaruhusu Bunge kumshtaki Rais aliyevunja Katiba au maadili. Hoja hutiwa sahihi na wabunge wasiopungua asilimia 20, hupelekwa kwa Spika siku 30 mbele, kisha kamati huchunguza, na kura za theluthi mbili ya wabunge wote ndizo zimwondoazo. Njia hiyo ni ndefu na nyembamba, wala haifai iwe rahisi, lakini ipo.

Uzio wa nne ni mahakama. Rais huwateua majaji, lakini hawezi kumfukuza jaji kwa hasira. Sharti tume ichunguze kwanza na kushauri. Na hapa uko mfano wa yale mashauri ambayo Rais analazimika kuyafuata.

Lakini haifai mwalimu aonyeshe uzio na kuficha matundu yake. Katiba yetu yasema ya kuwa mtu akiisha kutangazwa na Tume kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama itakayochunguza uchaguzi wake. Jirani zetu wa Kenya, kwa Katiba yao ya mwaka 2010, waliacha mlango huo wazi, na tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama yao ya Juu iliubatilisha uchaguzi wa Rais, ukarudiwa. Tena ile sheria ya mwaka 1962 ilimruhusu Rais kumweka mtu kizuizini pasipo kumfikisha mbele ya hakimu, na wako waliowekwa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipata kukiri ya kuwa Katiba ilimpa nguvu za kutosha kuwa dikteta. Ni neno la mtu mkweli, lakini tulifikiri. Kama kinachotuokoa ni moyo wa aliyeketi kitini, tutafanyaje siku atakapoketi mwenye moyo mwingine?

Tena uzio waweza kung'olewa na walinzi wake. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 iliweka mpaka wa vipindi viwili. Bunge likauondoa mwaka 2005. Ikabaki sharti ya umri, ya kuwa aliyepita miaka 75 asigombee. Nayo ikaondolewa mwaka 2017. Hakuna aliyevunja mlango usiku. Waliufungua mchana, kwa kura.

Mtu ataniambia, "Mwalimu, manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ukimfunga Rais mikono, nani atajenga reli, nani atazuia wezi?" Nalikubali neno hilo. Sitaki manahodha wawili. Lakini nahodha mmoja naye huhitaji mtu wa kupima kina cha maji, tena amsikie asemapo, "Hapa pana mwamba." Nahodha amtupaye baharini mpima kina hajaongeza mwendo wa chombo, amejitupia upofu. Mwaka 2014 Bunge Maalumu lilikaa hapahapa Dodoma kuijadili rasimu ya Katiba mpya, ambayo tume ya Mzee Warioba iliitayarisha kwa kuwasikia watu. Rasimu ile ilitaka, pamoja na mengine, mawaziri wathibitishwe na Bunge. Kura ya maoni iliyowekwa tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa. Watu wenye akili walitofautiana juu ya rasimu hiyo, wala si kazi yangu hapa kuwapatanisha. Nataka tujue tu ya kuwa swali la kijana wa Nkuhungu si la utundu. Ni swali ambalo taifa zima limelikalia kikao.

Basi nimjibu. Mwanangu, yako mambo ambayo Rais hawezi kuyafanya kwa sababu sheria imemkataza, nayo nimekutajia baadhi yake. Yajue, maana mpaka usiojulikana na wenye shamba hulimwa na jirani. Yako mengine ambayo sheria haikumkataza, na hayo humngoja moyoni mwake, pamoja na mzee asiyejua kusoma asimamaye mbele yake na kusema, "Hapa ni njia ya maji." Wajibu wake ni kusikia. Wajibu wetu ni kusema kweli kwa adabu, hata tukijua hatalazimika kutufuata. Maana tukinyamaza, sisi ndio tuliomwacha gizani.

Tena tuanze karibu. Mwenyekiti wa mtaa, mzee wa kanisa, mwalimu mkuu, baba katika nyumba yake: kila mmoja wetu ana ibara ya 37 yake ndogo, mahali ambapo aweza kusema, "Nimekwisha amua," na asiwepo wa kumzuia. Tukijifunza kusikia hapo, tutakuwa tumewalea watakaojua kusikia Chamwino. Mimi nalijifunza nikiwa nimechelewa, nikiwa na matope magotini, na mzee akichota pamoja nami bila kusema neno.

Mwalimu, Nkuhungu, Dodoma.